Truphosa Adai Marahaba

"Mzee Ernest, marahaba ya mtoto wangu iko wapi?"

Hakupiga hodi wala hakusalimia. Mzee wa watu ameinama kwenye mashine ya kufulia, mkononi ana zile suruali ndefu za ndani za kuzuia baridi, zinachuruzika maji, na Truphosa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Sisi wa Rågsved, hapa Stockholm, tunafua chini ya jengo, chumba kimoja kwa ngazi zote, na kila mtu ana saa zake alizojiandikia. Kuingilia saa za mtu za kufua, huku ni kosa kubwa kuliko kumtukania mama. Mzee Ernest akajificha humo humo. Akasema kwa upole, Mama Maryanne, hizi ni saa zangu, tazama ukutani, saa nne mpaka saa saba, zako zimekwisha.

"Saa ni zako na mashine ni ya jengo," Truphosa akamwambia. "Marahaba ni ya mtoto wangu. Umeikalia tangu Januari. Nyanyuka uitoe."

Mimi nilikuwa nimeshika ncha mbili za shuka, maana mimi na Truphosa tulichelewa kukunja, na nikabaki nimezishika vile vile kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mzee akageuka akaanza kuhesabu soksi. Truphosa akamwambia azihesabu vizuri, mtu anayepoteza marahaba hashindwi kupoteza soksi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa kwanza chama chetu, cha watu wa kwetu tunaoishi huku, kilifanya sherehe kwenye ukumbi wetu, kijana wetu Jabari alikuwa amemaliza chuo. Mzee Ernest ndiye mwenyekiti, mtu wa Moshi, miaka sitini na saba, amekaa kiti cha mbele na tai yake. Maryanne akamwendea, akainama kidogo kama alivyofunzwa, akasema shikamoo, Mzee. Mzee akainua macho akaitazama taa ya darini kama fundi aliyeitwa kuikagua. Tukasema labda ni sikio, maana la kushoto limezeeka kumshinda mwenyewe. Maryanne naye akafikiri hivyo, akahamia upande wa kulia akarudia. Mzee akarudi kwenye taa. Watu arobaini tumeona, vijiko vimesimama hewani.

Baadaye ikawa kwenye ngazi. Ikawa kituoni tukisubiri treni. Ikawa nje ya kanisa. Mpaka siku ya soksi, shikamoo zilizolala bila jibu zilikuwa tano, na Truphosa alikuwa ameziandika zote kwenye daftari, tarehe na mahali.

Sababu sote tulikuwa tunaijua. Maryanne anapenda wasichana. Nimeandika kwa ufupi kwa sababu ndivyo ilivyo, na anayetaka maelezo marefu amuulize mwenyewe, ana miaka ishirini na sita na mdomo anao.

Hilo daftari nalo lina habari yake. Truphosa alifika nchi hii mwaka tisini na sita akitokea Vihiga, kumfuata mumewe Josiah aliyekuwa anasomea mambo ya maji. Shuleni walimfundisha kusema asante na tafadhali kwa Kiswidi, akaona hayo hayamfikishi popote, Kiswidi chenyewe akakipata kwa kugombana. Siku aliyogundua kwamba huku kila lalamiko lina fomu yake, na mtu analazimika kukujibu kwa maandishi, ndiyo siku aliyofungua sanduku akatandika kitanda. Amelalamikia benchi la kituo cha basi kwamba ni fupi kwa watu wenye mapaja. Amelalamikia kokoto wanazomwaga njiani wakati wa theluji kwamba zinakula soli. Anapika kwenye jiko la shule, watoto mia nne kila siku, na huko amelalamika miaka minane kuhusu viazi visivyotiwa chumvi, kwa hoja kwamba mtoto wa Kiswidi naye ni mtoto. Majibu yote anayahifadhi. Mengi yanasema asante kwa maoni yako. Yeye huhesabu kuwa ameshinda.

Josiah alifariki ghafla Maryanne akiwa na miaka kumi na miwili. Chama ndicho kilichosafirisha mwili mpaka Vihiga. Na Mzee Ernest, yeye huyo huyo, ndiye aliyemshika Maryanne mkono akaenda naye mjini kumtafutia koti jeusi, maana mama mtu alikuwa hawezi kusimama. Ndiye aliyemfundisha baiskeli kwenye uwanja wa nyuma, anakimbia nyuma yake na tai inapepea. Kwa hiyo mnapoambiwa mtu amegombania jibu la salamu msicheke haraka. Mgeni asipokuitikia unamwita hana adabu, unapita. Huyu alikuwa wa nyumbani.

Na msidhani Truphosa alizaliwa na bango mkononi. Siku Maryanne alipomwambia, miaka mitatu iliyopita, kwenye meza ya jikoni, alinyanyuka akaanza kuosha vyombo. Vilikuwa visafi. Aliviosha siku mbili. Akampigia dada yake Kenya, akakata simu kabla haijapokelewa. Akaja kwangu Ijumaa akakaa hapo kwenye kochi na kofia yake kichwani, akaniambia: "Nilimzaa kwa saa kumi na tisa. Nikianza sasa kusema simjui, zile saa nilikuwa nafanya nini?" Nilimpa chai. Nikamvua ile kofia nikaitundika.

Kuna vijana sita wa aina yake, Maryanne mwenyewe akiwamo, wazazi wao wametoka kwetu huko, wengine Wakristo, wengine Waislamu, wanakutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa chama. Wanajiita Kikundi cha Alhamisi. Wanaandika barua kwa wakubwa, wanakwenda na mabango mjini wakisikia mtu kama wao amefukuzwa nyumbani au amerudishwa alikokimbia, wanapokea wageni ambao hawana pa kwenda. Truphosa aliteremka Alhamisi moja kuona wanafanya nini, amejifunga kanga kiunoni tayari kwa vita. Akakuta wanabishana ni zamu ya nani kununua maziwa ya chai, na kumbukumbu za kikao hazijaandikwa tangu Oktoba. Aliniambia, shoga yangu, nilikwenda kutafuta dhambi nimekuta mkutano, tena mkutano mbovu. Akaketi. Mwezi uliofuata alikuwa anawapigia simu kuwakumbusha ajenda, na mwezi wa sita alikuwa mbele mjini amebeba bango kubwa kuliko yeye, anawafokea vijana wanyooshe mstari kama anapanga watoto kwenye foleni ya chakula.

Sasa turudi kwenye soksi. Mzee Ernest alipoona hazihesabiki zaidi ya hapo, alisema jambo hilo litakwenda mkutano mkuu. Akasema anapeleka pendekezo kwamba ukumbi wa chama utumike kwa shughuli za familia tu, na wale wa Alhamisi watafute pengine. Truphosa akamuuliza wale watoto walitokea wapi kama si kwenye familia, au waliletwa na posta. Mzee akafunga mlango wa mashine, akabonyeza, ikaanza kunguruma, mazungumzo yakaishia hapo.

Niwe mkweli, Ernest si mtu mbaya. Ana dada yake Moshi anayepiga simu kila Jumapili kumuuliza huko mnalea au mnaharibu, na mzee mzima anaogopa ule mdomo kuliko baridi ya Februari. Lakini woga wa mtu mmoja haukatwi kwenye nyama ya mtoto wa mwenzake.

Aliyekuwa hataki ugomvi ni Maryanne. Alimsihi mama yake kwa Kiswidi, kama wanavyofanya wakitaka mambo yaonekane madogo, kwamba ni salamu tu, aache. Yeye ni fundi umeme, hana muda wa wazee. Basi siku moja Truphosa yuko dirishani, anamwona mwanawe anakuja kumtembelea, anafika mlango wa mbele, anachungulia kupitia kioo, kisha anazunguka jengo zima kwenye matope ya theluji aingie kwa mlango wa chumba cha baiskeli. Alipofika juu akaulizwa mbona viatu vimelowa. Akasema amezoea kupita huko siku hizi, ngazi za mbele anaweza kumkuta Mzee.

"Kwenye jengo alilozaliwa," Truphosa aliniambia. "Anaingia kama mwizi wa baiskeli."

Hapo ndipo alipoacha kulalamika akaanza kupanga. Alichotaka ni kitu kimoja tu, mtoto wake aitikiwe na apite mlango wa mbele. Nilimshauri aingie mkutanoni akapige kura yake kama mwanachama. Akaniangalia kama nimemwambia apike ugali kwa maji baridi. Ndani nina kura moja, akasema, nje nina sufuria nne.

Huku ukitaka kuandamana unaomba kibali polisi, na fomu ipo. Truphosa alivaa miwani akakaa nayo jioni moja kama mtu anayesoma barua ya mapenzi. Jina, mahali, saa, kama kutakuwa na moto wa jiko, vyote akajaza. Walipouliza idadi ya watu wanaotarajiwa, akaandika arobaini. Nikamuuliza arobaini hao unawatoa wapi, wako sita na wewe wa saba, nikijumlishwa mimi wa nane. Akasema kwetu ukitaka wanne unaomba arobaini, kila mtu anajua. Ndivyo tulivyochangisha siku zote, harusi, msiba, karo. Unataja kubwa, unapewa kadogo, kila mmoja ameridhika. Tatizo ni kwamba polisi wa Stockholm hajawahi kuchangia harusi ya mtu. Akiandikiwa arobaini anaamini arobaini.

Wakapiga simu. Msichana mwenye sauti ya utaratibu, alitaka kufahamu lengo, maana kwenye fomu limeandikwa kudai marahaba. Truphosa akamweleza kwamba mtoto akimsalimu mzee, mzee anapaswa kupokea ile salamu, na huyu hajapokea, mara tano. Yule dada akauliza kama huyo mzee ni mamlaka. Truphosa akasema ndiyo, ni mwenyekiti. Akaulizwa kama anatarajia watu wa upande wa kupinga. Akasema wapo, lakini watakuwa ndani wanakunywa kahawa. Mwisho akaambiwa kwamba kwa watu arobaini itabidi awe na wasimamizi wanne wenye reflekta za manjano, na polisi wawili watafika.

Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa tatu tulikuwa hivi. Waandamanaji wanne. Wasimamizi wanne wa kuwasimamia waandamanaji wanne, nami mmojawapo, reflekta imenibana kifuani kama kamba ya gunia. Polisi wawili wa kuwalinda wote. Ni nyuzijoto moja juu ya sifuri, theluji inageuka uji. Yule polisi mwanamke, mrefu, kijana, alifika saa sita kamili kama kibali kilivyosema, akahesabu, akatazama karatasi, akahesabu tena. Akauliza kwa adabu wengine wako wapi. Truphosa akamjibu wako njiani, jibu ambalo kwetu linaweza kumaanisha mtu yuko bafuni.

Maryanne alikuwa amesimama pembeni na bango amelishika kichwa chini. Alikuwa anatamani ardhi ya Rågsved ipasuke.

Mkutano nao uliitishwa saa sita. Ukaanza saa saba na nusu, na hapo tumejitahidi. Wanachama walitupita mmoja mmoja kuteremka ukumbini, wengine wanatupungia, wengine wanatazama viatu. Mzee Ernest alipita kwa kasi, tai imenyooka, hakutazama taa kwa sababu nje hakuna. Mkewe Magdalene nyuma yake akapunguza mwendo, akatazama sufuria, akatazama mumewe, akafuata.

Ndani kulikuwa na kahawa kwenye themosi mbili na bisikuti za tangawizi zilizobaki Krismasi. Nje Truphosa aliwasha jiko la gesi.

Sijui kama mnaujua ule ukumbi wetu. Uko chini ya jengo letu, nusu ardhini, madirisha yake madogo yamelingana na miguu ya wapita njia, na moja huwa wazi kwa sababu ya hewa. Truphosa aliweka jiko mbele ya hilo moja. Maharagwe ya nazi yalikuwa tayari, pilau ilikuwa tayari, zilizobaki ni chapati, na chapati hazikubali kupikwa jana. Alizisukuma Maryanne, maana mikono yake ilihitaji kazi. Mama yake akawa anageuza. Ile harufu ya unga na mafuta ikichemka iliingia dirishani ikaenda kukaa safu ya mbele.

Saa nane hivi mlango ukafunguka, akatoka Zénon. Ni mtu wa Bukavu, Kongo, anaendesha lori la takataka, mwili wake ni wa watu wawili na bado hautoshi. Alisimama akavuta hewa kwa macho yaliyofumbwa.

"Bon, Mama Truphosa," akasema. "Mtu akionja tu, ni kuandamana?"

"Ukila umeandamana."

"Na kama mi naonja kidogo?"

"Utaandamana kidogo. Mkono huu chapati, mkono huu bango. Chapati ya mkono mmoja sina."

Zénon akaweka mambo kwenye mizani ya tumbo lake, akanyoosha mikono yote miwili. Bango alilopewa liliandikwa WATOTO NI WETU WOTE. Yule polisi akatoa kalamu akaandika.

Baada ya hapo ilikuwa kama kuku wameona mlango wa banda uko wazi. Walitoka kwenda chooni, choo kiko ndani. Walitoka kupokea simu, simu mfukoni. Mama mmoja alitoka kuangalia kama ameacha gari wazi, naye amekuja kwa treni. Kila mmoja mkono huu chapati, mkono huu bango, wamesimama kwenye uji wa theluji wanatafuna chini ya maneno ambayo wengine walikuwa hata hawajayasoma. Nilimsogelea jirani yangu mmoja nikamwonyesha bango lake linasema nini, nikijua kila Jumapili huwa mbele kwenye kwaya. Akalisoma. Akameza. Akasema basi, nimeshalishika.

Lakini si wote waliotoka kwa tumbo, nisiwasingizie. Winifrida, bibi wa miaka sabini anayetembea na kigari, alipandishwa ngazi na watu wawili. Akakataa chapati, meno yake hayako kazini siku hizi. Akaomba bango peke yake. Akalishika, akamwambia Maryanne, siyo kwa sauti, kwamba ana mjukuu Uppsala ambaye haji tena Krismasi, na kwamba hakuna aliyemfukuza, walinyamaza tu mpaka akaelewa. Maryanne aliacha kusukuma. Akafuta unga mikononi, akalichukua bango lake lililokuwa limelala ukutani, akaligeuza likasimama wima. Akasimama karibu na bibi.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Khalfan, katibu wetu, mtu wa Tanga, ambaye katiba ya chama anailalia kama mto. Katiba inasema hakuna kura bila nusu ya wanachama. Tuko sitini na wanne, nusu ni thelathini na wawili. Waliingia arobaini na mmoja, pasipo shida. Mzee Ernest akasoma pendekezo lake polepole, ana karatasi mbili, na kila akiinua macho viti vimepungua. Khalfan alikuwa anahesabu tu, kwa kidole, kama anayenunua mayai. Thelathini na tisa. Thelathini na sita. Mzee akaanza kusoma haraka. Thelathini na watatu. Akaruka aya nzima. Walipofika thelathini na wawili, akasema tupige kura sasa hivi, na hapo hapo Magdalene, mkewe wa ndoa, aliyekuwa amekaa safu ya pili, akanyanyuka, akajifunga shali, akasema anakwenda kuvuta hewa.

Mzee akamwomba Khalfan amhesabu yeye mara mbili, kama mwenyekiti na kama mwanachama. Khalfan akamjibu kwamba katiba haimjui mtu mara mbili. Akafunga faili. Pendekezo likafa, na kwa mujibu wa kifungu gani sijui, halifufuki mpaka mwaka ujao.

Mkutano ukavunjika, wengi wakapanda juu kufuata harufu, na Khalfan akaja moja kwa moja kwenye jiko. Bango akalikataa, akasema katibu haegemei upande. Truphosa akampa nusu chapati.

Polisi wetu alimaliza hesabu saa nane na dakika arobaini. Thelathini na watano, pamoja na wasimamizi. Akamwambia Truphosa kwamba makadirio yake yalikuwa ya juu kidogo, lakini yanakubalika. Truphosa aliipokea sifa hiyo kama digrii. Naye polisi akapewa chapati mkono huu, na kabla mkono wa pili haujanyooshwa akaeleza kwamba yuko kazini.

Ukumbi ukabaki wa watoto. Watu wakapongezana. Lakini marahaba je? Mzee Ernest alisubiri tukunje mabango, akatoka kwa mlango wa chumba cha baiskeli.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu mzima yeyote, hata Truphosa, na hilo lilimuuma. Wiki ile ile, watoto wa chama, hawa waliozaliwa huku, waliacha kumpa Mzee Ernest shikamoo. Wote. Walikubaliana wenyewe kwenye simu zao, na hoja yao ilikuwa fupi, kwamba kama zile za Maryanne hazijibiwi basi huenda mzee hazihitaji, tusimsumbue. Hawakumkosea adabu. Walimsalimu kama Waswidi wanavyosalimiana. Msichana wa miaka saba, meno ya mbele hana, alikutana naye kwenye ngazi akamwambia, "Hej, Ernest."

Ernest. Bila Mzee, bila babu, bila mwenyekiti. Miaka sitini na saba, mvi zake zote, ndevu amechonga, anaitwa kama mwanafunzi anayesomwa kwenye rejista. Kituoni, hej Ernest. Kanisani, hej Ernest, na mchungaji anasikia. Alikwenda kuwashitaki kwa wazazi wao, wazazi wakasema hawa watoto wa huku wana mambo yao, wakageuka kucheka ndani ya friji. Magdalene nyumbani hakumtetea. Alimwambia mume wangu, ulitaka kimya, kimekujia na familia yake yote.

Likapita juma la tatu, likapita la nne. Alianza kutembea ameinama. Nilimwonea huruma, na mimi huruma yangu siitoi ovyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilikwenda Hallunda na Maryanne kununua unga wa mahindi na ndizi za kupika, Truphosa alikuwa na mafua. Ndani ya lile jengo la maduka, kwenye benchi karibu na mlango, tukamkuta Mzee Ernest, miguuni ana gunia la mchele la kilo ishirini, anamsubiri Magdalene aliyezama kwenye duka la vitambaa. Nilimwambia Maryanne tupite upande ule. Hakunisikia, au alifanya sikio la kushoto. Alikwenda moja kwa moja, akasimama mbele yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mzee."

Ya sita. Katika watoto wote wa chama, yeye ndiye aliyekuwa hajaacha. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema mama yake alimfunza kusalimu, hakumfunza kusubiri jibu.

Mzee Ernest alimtazama. Darini Hallunda kuna taa nyingi, angeweza kuchagua. Hakuinua macho. Midomo ilitikisika kidogo, kama mtu anayejaribu mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha, baada ya kukohoa: "Zilikuwa ngapi?"

"Tano, bila hii."

"Mama yako ameziandika?"

"Na tarehe."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Akaweka mikono juu ya magoti, akanyoosha mgongo, na hapo kwenye benchi, watu wanapita na mifuko yao, akaanza kulipa moja moja. Marahaba, hiyo ya sherehe. Marahaba, ya ngazi. Marahaba, ya kituo. Alipofika ya kanisani akatafuta leso kwenye mfuko usiokuwa na leso.

Maryanne akachuchumaa akashika gunia la mchele kwa pembe.

"Zilizobaki nimekusamehe, Mzee," akamwambia. "Sogeza mguu nilibebe hili."